Kifaa kinaonekana, muziki hautoki: nimezijaribu programu za kurusha muziki nyumbani, Tabora

Mwangaluka, ndugu zangu. Karibuni tena sebuleni kwetu, Cheyo, Tabora mjini. Mkisikia ngurumo msishtuke, mvua inakuja, na ikianza kupiga bati itabidi nipaze sauti.

Tazameni kioo cha simu kwa karibu. Nimefungua programu ya muziki, nagusa alama ya kurusha, na jina la runinga hilo hapo limetokea. Runinga imeunganishwa kwa waya na sabufa ya baba, ile nyeusi pale kwenye kona. Nagusa jina. Limebadilika rangi, maana yake vimeshikana. Sasa sikilizeni… Mmesikia kitu? Muda umeganda kwenye sifuri, na sabufa inanguruma tu kama friji.

Swali hili mmeniuliza sana: mbona kifaa naona kipo, ila hakilii? Kuonekana kwenye orodha hakumaanishi vimeelewana. Ni kama mtu anayeitikia hodi halafu mlango hafungui. Wimbo ule ni faili la FLAC, aina inayobana wimbo bila kuupunguzia ubora, tofauti na MP3. Runinga hii ina DLNA, ule mfumo wa vifaa vya nyumbani kupeana muziki na video, ulioanzishwa mwaka 2003 na kampuni za vifaa, Sony na Intel zikiwemo. Chama chenyewe kilivunjwa 2017, lakini teknolojia yake bado imo ndani ya runinga nyingi. Tatizo ni kwamba FLAC haikuwahi kuwa kati ya aina za faili ambazo DLNA ililazimisha kila kifaa kizijue. Kwa hiyo runinga ya zamani inaweza kula MP3 mchana kutwa, ukiipa FLAC ikakunyamazia. Ngoja niweke wimbo uleule, safari hii MP3… Haya, mmesikia? Sabufa ileile, waya uleule.

Kabla sijaanza kusifia au kuponda programu yoyote, nataka mshike swali moja, maana ndilo nililotumia kuzipima zote: wimbo unachukuliwa na nani? Simu yako, au spika yenyewe?

AirPlay ya Apple, ambayo kwa jina hilo ilitoka 2010, kazi ya kubeba inaachia simu. Simu inausoma wimbo, inausukuma kupitia Wi-Fi, spika inapokea. Google Cast, ile ya Chromecast, kidude cha Google cha kuchomeka kwenye runinga kilichotoka 2013, ni tofauti kabisa. Simu inatuma anwani tu, kama mtoto aliyetumwa dukani na karatasi, halafu kifaa chenyewe kinaingia intaneti kuchukua wimbo. Spotify Connect, njia ya Spotify yenyewe ya kurushia spika nyimbo zake, nayo ni hivyohivyo. DLNA iko katikati: spika inaenda kuchukua yenyewe, ila inachukulia humuhumu ndani, kwenye kompyuta yako au simu yako.

Kwetu hapa jambo hili si nadharia, ni bando. Shemeji alikuja kututembelea, ana nyimbo mia na zaidi amezipakua Spotify kwenye simu yake. Akasema tusihangaike, nyimbo ziko ndani ya simu, hazili kitu. Akazirusha kwenye spika kwa Spotify Connect, tukasikiliza tangu saa nane mpaka magharibi. Usiku bando la ruta likakata. Alidhani nimemfanyia hila! Nikamweleza kuwa zile alizopakua hazikuguswa. Spika ilikuwa inazishusha upya, moja baada ya nyingine. Hesabu yake ni hii: kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, saa moja ni megabaiti 144. Piga mara nne, na hapo hujagusa zile huduma za FLAC, ambazo kwa saa moja hufika megabaiti 400 hivi.

Kinyume chake pia watu hawaamini. Mama kila akiona simu inacheza kwenye spika ananiambia nizime, namaliza vocha. La hasha. Faili likitoka kwenye laptopu yangu kwenda kwenye spika kupitia ruta ya ndani, halipiti kwa kampuni ya simu kabisa. Unaweza kucheza FLAC mwezi mzima bando lisipungue hata baiti moja.

Basi nikafanya kipimo changu. Nimechomoa laini kwenye ruta. Wi-Fi ipo, intaneti hakuna. Nani anabaki anaimba?

Spotify Connect imekufa, hilo tulitegemea. Google Cast nayo imegoma kuanza, hata kwa wimbo ulio ndani ya simu, kwa sababu kile kiprogramu kinachofunguka kwenye Chromecast ni ukurasa wa wavuti unaoshushwa kutoka intaneti kila unapoanza. Bila intaneti hakuna ukurasa, bila ukurasa hakuna muziki. Hapa naudhika kidogo, nitasema ukweli. Wimbo ni wangu, simu ni yangu, spika iko mita tatu, halafu naambiwa nipitie ng'ambo kwanza? AirPlay imeendelea bila wasiwasi. DLNA imeendelea.

Sasa programu zenyewe.

VLC mnaifahamu, wengi mnayo tayari. Itasoma vizuri folda za seva ya DLNA, yaani kompyuta au simu inayogawa nyimbo, na tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018 inarusha kwenye Chromecast. Ila ukitaka iisukumie runinga ya DLNA wimbo, haifanyi. Inapokea kutoka kule, haipeleki kule. Watu wanachanganya haya mawili halafu wanailaumu ruta. Foobar2000 kwenye Windows ni nyepesi, laptopu ya zamani inaiweza, lakini mpaka uiongezee kijalizo cha UPnP, ile lugha ambayo DLNA imejengwa juu yake, ndipo ianze kuongea na spika. Kwa anayeshinda kwenye kompyuta inafaa. Mimi sishindi kwenye kompyuta.

Kwenye simu za Android, BubbleUPnP ndiyo niliyokaa nayo zaidi. Sura yake si nzuri, nakiri, imejaa vitufe kama daladala iliyopambwa na kondakta. Lakini inajua mambo. Inaweza kuwa seva, ikatoa nyimbo za simu. Inaweza kuwa mwenye rimoti, ikaamuru kifaa kingine. Inaweza kuwa mpokeaji, ukageuza simu iliyopasuka kioo kuwa kipokezi cha muziki kwenye sabufa. Hiyo ya mwisho wengi hamuijui. Simu kuukuu ile uliyoitupa kabatini, ichomeke waya wa AUX kwenye sabufa, ichomeke chaji, fungua BubbleUPnP, na tayari una spika ya mtandao bila kununua kitu. Toleo la bure lina mipaka yake, ukilipia inafunguka.

Kasoro yake niliipata kwa baba. Baba ni mstaafu wa reli, na ana kaseti alizorekodi kutoka redioni enzi za Radio Tanzania: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids, bendi za hapahapa mjini. Nilizihamishia kwenye laptopu. Nyimbo zile huanza taratibu, mwimbaji anasimulia, halafu gitaa linaingia kwenye chemko na watu wanasimama. Nyingine nilizikata faili mbili, wimbo na chemko, kwa kufuata zilivyokuwa kwenye santuri, upande wa kwanza na upande wa pili. Nikazirusha kwa DLNA. Ilipofika pale pa kuingia chemko, kimya. Sekunde mbili hivi. Halafu gitaa.

Nikageuka kumwomba radhi mzee. Anacheka. "Hapo ndipo tulikuwa tunageuza sahani," akaniambia.

Yeye alifurahi, mimi sikulala. Chanzo cha pengo lile ni kwamba kwenye UPnP, amri ya kumwambia kifaa mapema wimbo unaofuata ni upi ni ya hiari. Mtengenezaji anaweza kuiweka au asiiweke. Kifaa kisicho nayo kinamaliza wimbo, kinasubiri simu igundue kuwa umekwisha, simu inatuma mwingine, ndipo kinaanza kuusoma. BubbleUPnP ina swichi ya kuwasha amri hiyo kwa kila kifaa. Kwenye runinga yangu haikusaidia kitu, kwa kipokezi cha pili pengo lilikwisha palepale. Ukisikiliza bongofleva wimbo mmoja mmoja hutalijua tatizo hili maisha yako yote. Ukisikiliza maonyesho ya jukwaani au kaswida ndefu iliyokatwa vipande, litakukera kila dakika tano.

Hapo ndipo nikaingia Lyrion. Jina ni jipya, la mwaka 2024, ila programu ni mzee. Ilianza na kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Slim Devices mwaka 2001, Logitech ikainunua kampuni hiyo 2006, ikaacha kutengeneza vifaa vyake 2012. Vifaa vikafa, seva ikabaki hai kwa sababu ni programu huria, watu wanaitunza wenyewe. Unaiweka kwenye laptopu kuukuu, unaionyesha folda ya nyimbo, halafu simu yoyote ndani ya nyumba inafungua kivinjari kwenye poti 9000 na kuchagua wimbo. Haidai Android wala iPhone. Chemko inaingia bila pengo. Ikikutana na kifaa kisichojua FLAC, inaibadilisha njiani.

Na inaoanisha spika, ziimbe kwa wakati mmoja. Hili DLNA haina kabisa. Nikiweka spika moja sebuleni na nyingine uani kwa DLNA, zinapishana nusu sekunde, unasikia wimbo na mwangwi wake kama uko kwenye handaki. Kwa Lyrion zinakwenda pamoja. AirPlay 2 nayo inaweza, tangu 2018, mradi spika zote ziwe za toleo hilo.

Kipokezi changu ni Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo, hiki hapa, ni kidogo kama pakiti ya sigara, kimeingia kwenye sabufa kwa waya wa AUX. Mfumo wa kwanza nilioweka humu ulikuwa mzuri wa sura, unapokea AirPlay, DLNA, Spotify, kila kitu. Umeme ukakatika jioni moja, ukarudi, ukakatika tena, na memori kadi ikaharibika. Nikaweka upya. Wiki ya pili, yaleyale. Sasa natumia mfumo wa piCorePlayer, unaopokea nyimbo za Lyrion, ambao ukishawaka unahamia wote kwenye RAM, kadi haiguswi. Nitachomoa sasa hivi mbele yenu, bila kuzima kwa adabu. Nachomoa… narudisha… Tusubiri kidogo. Haya, imerudi. Kwa iPhone ya dada yangu nimeiongezea Shairport Sync, ya bure pia, na simu yake inaiona sabufa hii ya mitumba kama kifaa cha AirPlay.

Jambo moja la kiufundi kabla mvua haijanimeza. Kama programu haioni kifaa chochote, usianze kuifuta na kuiweka upya. Mimi nilipoteza jioni mbili hivyo. UPnP hutafutana kwa kupiga kelele kwa wote, kwenye anwani 239.255.255.250, poti 1900: jamani, nani ana muziki? Ruta niliyopewa na mtandao wangu ilikuja na AP Isolation imewashwa, inayokataza vifaa vya Wi-Fi kuonana. Kila mmoja anafika intaneti, ila jirani yake hamsikii. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, zima hiyo. Hakikisha pia hakuna aliyejiunga na ile Wi-Fi ya wageni. Na nyumba zetu za tofali za kuchoma, Wi-Fi ya 5 GHz ikivuka kuta mbili imechoka. Iache sebuleni, ya uani ipe 2.4, kwa muziki inatosha sana, FLAC ya kawaida haifiki hata megabiti mbili kwa sekunde.

Nimebaki na nini? Mwenye bando lisiloisha na Spotify ya kulipia, Cast au Connect zinamtosha, asijisumbue. Nyumba ya iPhone tupu, AirPlay. Mwenye Android na runinga tu, BubbleUPnP, na nyimbo aziweke MP3 aepuke ugomvi. Kwa nyumba yenye nyimbo zake, simu mchanganyiko na umeme wa kuja na kwenda, mimi nimehamia Lyrion na sirudi, japo siku ya kuiweka utatoka jasho.

Hiyo mvua imefika. Mzee ananiita nimwekee tena ule wimbo, na anataka lile pengo lake nilirudishe.