Kupanga Chakula kwa Giza na Mbalamwezi: Uzoefu Wangu na Jedwali la Simu

Nakaa Mwanga, hapa Kigoma mjini, na sufuria yangu ni ya watu wanane. Kwa miaka mingi mapishi ya nyumba hii yalikuwa katika daftari la mama mkwe, ambalo limelowa mawese hadi kurasa kadhaa hazisomeki tena, na hofu ya kulipoteza ndiyo iliyonifanya nitafute namna ya kuyahifadhi kwenye simu.

Nilianza na programu ya kigeni ya kupanga mapishi, ambayo sitaitaja jina. Inapendeza machoni, na ukiipa kiungo cha pishi lililoko mtandaoni huchota mahitaji na hatua zote yenyewe. Vipimo vyake vilikuwa vya vikombe vya Kimarekani, na joto la oveni katika nyuzi za Fahrenheit, ilhali mimi napikia jiko la mkaa, hayo ningeyavumilia. Kilichonishinda ni kwamba mpango wake ulirudia wiki ileile: ukiweka dagaa Jumatano, basi kila Jumatano ni dagaa. Anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika anajua kwamba kitoweo hakina habari na Jumatano. Wavuvi huwavuta dagaa kwa mwanga wa taa, na taa hizo hufanya kazi vizuri usiku wa giza. Mbalamwezi inapowaka, mitumbwi mingi hupumzika, na mafungu ya dagaa pale kwenye mwalo wa Kibirizi hupungua huku bei ikipanda.

Nikahamia Google Sheets, programu ya majedwali ambayo ni ya bure, na nikajitengenezea majedwali mawili: moja la mapishi, jingine la mpango. Katika mpango sikuandika wiki, niliandika giza na mwezi, kwa kufuata mzunguko wa mwezi wa siku 29 na nusu. Siku za giza hupangiwa dagaa wabichi na samaki waitwao migebuka. Siku za mwezi hupangiwa maharage, kisamvu cha mawese, na dagaa wakavu nilionunua wakati wa giza. Mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa upande wetu wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, niliandika tu "mwezi" katika safu zote za kipindi hicho, na jedwali likanionyesha kabla ya ziwa kufungwa ni kilo ngapi za dagaa wakavu nilipaswa kuweka akiba.

Faida nyingine ni hesabu. Kila pishi nimeliandika kwa mlaji mmoja, na nikijaza idadi ya watu jedwali huzidisha lenyewe, jambo linaloniokoa wageni wanapofika na treni bila taarifa. Hata hivyo, chumvi na mafuta ya kukaangia nimeviondoa katika kanuni hiyo, kwa sababu watu ishirini hawahitaji mafuta mara ishirini ya yale ya mtu mmoja. Nililijua hilo baada ya kuharibu sufuria nzima ya pilau.

Kazi ngumu ilikuwa kunakili daftari lenyewe, kwani mama mkwe ameandika "mawese kiasi" karibu kila ukurasa. Nilimwomba ayamimine kwanza kwenye kikombe kabla ya kuyatia chunguni, tukafanya hivyo mara tatu kwa kisamvu kilekile, na tukapata vipimo vitatu tofauti. Niliandika cha katikati. Yeye ananiambia kwamba nimekosea.

Kwa anayetaka kujaribu, aruhusu kwanza faili lifunguke bila intaneti, maana kusimama sokoni ukisubiri mtandao ni adha. Mume wangu naye analifungua kwenye simu yake, hivyo hanipigii tena kuuliza anunue nini. Nimemruhusu kusoma tu, asiandike, tangu siku alipofuta safu nzima ya maharage kwa kidole gumba.