Konsati za Buffalo Philharmonic pale Kleinhans, jamani tuingieni

Sisi wa West Side hapa Buffalo, jimbo la New York, Marekani, tunapita Symphony Circle karibu kila siku, unaenda kazini, unapeleka watoto shule, unaliona lile jengo la matofali lenye kuta za kuzunguka na bwawa la maji pembeni, lakini ukiuliza kanisani ni wangapi wameshaingia ndani mikono inayonyooshwa ni michache. Linaitwa Kleinhans Music Hall, na ndiyo nyumbani kwa okestra ya mji, Buffalo Philharmonic, wenyeji wanaiita BPO tu. Mimi na mama watoto tunaenda, na sasa nimeulizwa na watu wengi, hasa Wakongo na Warundi tuliotoka kambi za Kigoma, kama ni kitu cha kutoa hela yako uliyoitafuta kwa shida. Jibu langu ni ndiyo, nendeni, na hapa naeleza kwa nini.

Kwanza ukumbi wenyewe. Edward Kleinhans alikuwa na duka la nguo za wanaume hapa mjini, yeye na mkewe Mary Seaton wakafariki mwaka 1934 wakipishana miezi tu, na mali yao wakaiacha ijengewe mji ukumbi wa muziki. Waliochora ramani ni Eliel Saarinen na mwanae Eero, watu wa Finland kwa asili, ukafunguliwa 1940. Ndani ni mbao kila upande, hakuna manakshi wala dhahabu ya kung'aa, na sauti inavyotembea mle ndani sijui nisemeje, unakaa juu kabisa balkoni nyuma na bado unasikia mpiga filimbi anavuta pumzi. Pia watu wetu wajue kwamba Martin Luther King alisimama kwenye jukwaa hilohilo Novemba 1967 akahutubia, miezi michache kabla hajauawa. Kwa hiyo si ukumbi wa matajiri peke yao, haujawahi kuwa hivyo.

Kwa wale wa kwaya nawaambia fikeni mapema mkae, msiingie watu wameshaanza. Taa zikishapunguzwa anaingia kiongozi wa violini, Nikki Chooi, Mkanada, alijiunga 2019, anasimama anawageukia wenzake, halafu obo, ala nyembamba ya kupuliza, inatoa nota moja tu, ile ya ‘la’ ya do-re-mi, ndefu, imenyooka haitetemeki, wapuliza ala za mbao na za shaba wanaishika, wanajirekebisha, kimya kidogo, inatolewa tena na safari hii nyuzi zote zinaingia, ndogo mpaka zile besi kubwa za kupiga mtu amesimama. Ni dakika moja hivi lakini ukiwa umewahi kusimama mstari wa sauti ya tenor ukisubiri mwalimu akupe sauti ya kuanzia, basi utaelewa hawa watu wanafanya nini na utawaheshimu kabla hata hawajapiga kitu.

Anayeongoza ni JoAnn Falletta, alianza kazi hapa 1999, na wakati ule mwanamke kupewa okestra kubwa ya Marekani lilikuwa jambo halijazoeleka kabisa. Ala yake ya tangu utotoni ni gitaa la klasiki. Hana mbwembwe. Mkono wake unasomeka, hata mimi niliyeko mbali najua besi wanaitwa lini, na kabla ya kuanza mara nyingine anashika maiki anaeleza kwa maneno ya kawaida huyu mtunzi alikuwa nani na tusikilize nini.

Sasa wageni, yaani wapigaji na waimbaji wanaoalikwa kupiga na okestra, maana hilo ndilo linaloulizwa zaidi. Utaratibu wa konsati za klasiki ni kwamba mgeni anakuja mjini anafanya mazoezi na okestra siku chache tu, halafu wanapiga Jumamosi usiku na Jumapili mchana, na kwa kawaida yeye unamkuta nusu ya kwanza na concerto yake, yaani kazi ya ala moja ikijibizana na okestra, mapumziko, kisha okestra yenyewe na simfoni, kazi ndefu ya okestra nzima. Kinachonifurahisha BPO ni kwamba mgeni haji kupigiwa bekingi. Wanaulizana na kujibizana, piano ikisema kitu filimbi inakirudisha, na Falletta anaishusha okestra nzima mpaka unabaki na nyuzi chache tu chini yake ili ule mkono mmoja wa mpiga piano usikike. Mtu asiyeamini atafute rekodi ya Concerto in F ya Gershwin waliyopiga na mpiga piano Orion Weiss, ya lebo ya Naxos, asikilize ile sehemu ya katikati ya polepole. Au ile ya mwimbaji wa soprano Hila Plitmann, kazi ya John Corigliano aliyechukua maneno ya Bob Dylan akayatungia muziki mpya kabisa, hiyo ilileta tuzo mbili za muziki za Grammy 2009. Sikiliza nyumbani kwanza, halafu nunua tiketi.

Lakini sababu ya mimi kuipenda hii okestra kuliko sababu zote ni Marcel Tyberg. Huyu alizaliwa Vienna 1893, akahamia na wazazi wake upande wa Abbazia, siku hizi ni Opatija ya Croatia, alikuwa mtunzi, anapiga ogani kanisani, anafundisha vijana muziki. Wanazi walipoishika ile sehemu wakataka watu waandikishe hata tone la damu ya Kiyahudi, mama yake akaandikisha kwamba mmoja wa mababu zake wa zamani alikuwa Myahudi, basi ikatosha. Tyberg alipoona hatari inakuja akazikusanya karatasi zake zote za muziki akamkabidhi rafiki yake daktari, Milan Mihich, amtunzie. Akachukuliwa, akafia Auschwitz mwisho wa 1944. Yule daktari akazitunza, akamwachia mwanae Enrico, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa Tyberg, na Enrico akaja kuwa mtafiti wa kansa hapahapa Buffalo, kwenye kituo cha kansa cha Roswell Park, na zile karatasi akaja nazo. Miaka na miaka anatafuta wa kuzipiga, mpaka Falletta akazisoma akakubali, na Simfoni namba 3 ikatoka kwenye rekodi 2010, namba 2 ikafuata 2013. Yaani muziki wa mtu aliyeuawa umevuka bahari ndani ya mizigo ya familia nyingine na mji uliokubali kuupiga ni huu wetu. Sisi ambao tumeacha madaftari ya nyimbo na kaseti za kwaya nyuma yetu tukikimbia, hiki kitu kinatugusa pengine kuliko kinavyowagusa waliozaliwa hapa. Ile sehemu ya polepole ya namba 3, mimi nimeshindwa kuisikiliza nikiwa naendesha gari.

Upande wa jamii, kuna Buffalo Philharmonic Chorus, kwaya kubwa tangu 1937, wanaoimba wengi ni watu wa kujitolea wenye kazi zao za kawaida, ila kuingia unafanyiwa majaribio ya sauti. Kazi yao moja na BPO, The Passion of Yeshua ya Richard Danielpour, ilipata Grammy 2021. Nina vijana wawili watatu kanisani kwetu nawaona kabisa wanaweza kusimama pale, besi hasa, na nitaendelea kuwasukuma. Kwa watoto wapo Buffalo String Works, hao si BPO yenyewe ila waanzilishi wana uhusiano nayo, walianza na watoto wa wakimbizi pale shule namba 45, wanafundisha violini, viola na chelo. Ukimwona mtoto wa jirani yako aliyefika juzi hajui hata salamu ya Kiingereza ameshika chelo inayomzidi urefu na anaipiga sawasawa, utaenda mwenyewe kuuliza nafasi.

Nisichokipenda? Zile konsati za sinema, filamu inaonyeshwa kwenye skrini na okestra inapiga chini yake. Watoto wanafurahi sawa, ila macho yote yanaenda juu na watu wale wanaotoka jasho pale chini hakuna anayewaangalia. Kama una hela ya tiketi moja tu kwa msimu chagua klasiki. Jambo lingine, kijitabu cha programu ni Kiingereza kitupu, na mji huu sasa una Kiswahili kila kona ya Grant Street, karatasi moja ya Kiswahili mlangoni ingevuta wazee wetu wengi. Na kwaya zetu za Kiswahili waziite jukwaani siku moja, Haleluya ya Handel tunaijua kwa sauti zote nne bila karatasi, wapige wao tuimbe sisi, naomba hili kwa moyo wote.

Mengine ya kujua: suti si lazima, utaona watu na jinzi. Simfoni ina sehemu tatu nne na katikati watu hawapigi makofi, subiri mpaka muongozaji ashushe mikono ageuke. Ile ya Jumapili mchana ndiyo nzuri kwa wenye familia, tatizo ibada zetu zinachelewa kuisha, ongeeni na mchungaji. Wakati wa baridi angalia hali ya hewa kabla, theluji ya ziwani ikianza hata kutoka Cheektowaga, hapo jirani tu, ni safari. Viti vya bei nafuu viko juu na kusikia havipungukiwi kitu, ila mgeni akiwa mpiga piano chukua upande wa kushoto ukiwa unatazama jukwaa, huko ndiko vidole vinaonekana, wa kulia wataona mfuniko wa piano tu.