Uzoefu wangu: matembezi ya asubuhi msituni Rondo, pamoja na bibi na watoto

Safari yangu ya kwanza Rondo, huku kwetu mkoani Lindi, mwaka jana mwezi wa nane, iliharibika kabla hatujafika. Gari tuliyokodi mjini Lindi ilitakiwa ituchukue saa kumi na moja alfajiri. Ikaja saa mbili na nusu, na dereva akasimama mara mbili njiani kupakia mizigo ya watu wengine. Tulifika jua limeshakuwa kali na ndege wamenyamaza. Mwongozaji hatukuwa naye, maana sikujua kwamba anaombwa mapema. Tukiwa bado kijijini, mwanangu mdogo akapita kwenye kichaka cha upupu kandokando ya njia, na safari ikaishia hapo. Mama mmoja alitoka na majivu ya jikoni akampaka mikono na shingo. Namshukuru mpaka leo.

Mwezi uliopita nimerudi, na safari hii nataka kuieleza kwa kirefu. Watu wengi wa Lindi na Mtwara tunapita barabara ya Masasi mara kwa mara bila kuwaza kwamba huko juu kuna msitu ambao hata mtu mzima wa miaka 67 anaweza kuutembelea asubuhi moja na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni.

Rondo ni uwanda ulioinuka zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, na msitu wake ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwa hiyo hufiki tu ukaingia. Wiki moja kabla nilikwenda ofisini kwao nikajieleza wazi: tuko watano, watoto wawili, bibi mmoja mwenye magoti mabovu, tunataka kutembea asubuhi tu, hatulali. Nikapewa kumbukumbu namba, nikalipia kwa simu nikiwa mjini. Nawashauri nanyi mlipe mkiwa bado mjini, maana mtandao ukikuangusha ukiwa kule juu asubuhi yote imepotea.

Safari hii hatukuanzia Lindi alfajiri. Tulilala kwa shangazi Mtama, tukaondoka kukiwa bado giza, tukarudi nyuma hadi Nyengedi, tukachepuka kushika barabara ya kupanda. Saa moja kasorobo tulikuwa juu. Kulikuwa na ukungu, na baridi ambayo sisi wa pwani hatujaizoea. Bibi alijitanda khanga zote mbili na bado akaomba sweta ya mjukuu.

Mwongozaji, kijana wa palepale, alimpa bibi shikamoo, kisha akamuuliza magoti yanauma wakati wa kupanda au wa kushuka. Bibi akasema kushuka. Yule kijana akafikiri kidogo, akabadilisha njia aliyokuwa ameipanga, akachagua ya tambarare, kama kilomita tatu kwenda na kurudi. "Bibi, tutafuata mwendo wako. Watoto ndio watakaosubiri." Kwangu mimi, hapo tu alikuwa ameshastahili pesa yake.

Nilivyodhani ni kwamba msitu unatembelewa kwa kwenda mbali. Yeye alitufundisha vingine. Tulitembea hatua hamsini au sitini, tukasimama kimya dakika tano, tukaendelea. Msitu huu umeshonana, ukitembea haraka unaona migongo ya wenzako tu. Ukisimama, unaanza kusikia. Tulisikia ndege mmoja akirudia sauti moja, to, to, to, kama mtu anagonga mlango bila kuchoka. Akatuambia ni zuwakulu wa kijani, na kwamba ndugu zake wa karibu wako msitu wa Ngoye kule Afrika Kusini. Katikati hapo ni maelfu ya kilomita. Mwanangu mkubwa aliuliza walifikaje huko, na kijana akamjibu kwamba misitu ya aina hii zamani iliungana zaidi ya ilivyo leo, kisha ikakatika vipande vipande.

Chini akatuonyesha vijia vyembamba vilivyofagiliwa kwenye majani makavu. Ni vya sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anavitunza ili akishtuka apite mbio bila kujikwaa. Mwenyewe hatukumwona, ila majani yalitikisika mara moja na watoto wakaridhika kabisa. Komba wa Rondo naye hatukumwona, maana ni mnyama wa usiku. Ana uzito wa gramu 60 hivi, hajai hata kiganja, na duniani kote yuko kwenye mabaki machache ya misitu ya pwani ya Tanzania. Kusimama chini ya mti ukijua kwamba huenda amelala humo kulinigusa kuliko nilivyotarajia.

Mivule tuliikuta pia, ingawa mikubwa kweli ni ya kutafuta. Ilikatwa sana kwa mbao tangu enzi za mkoloni.

Kisha bibi akasimama mwenyewe, bila kuambiwa. Alikuwa ameona mti mtambaa wa ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi. Alipokuwa msichana walikuwa wakienda msituni na jembe kuichimba. Kijana akaanza kwa upole kumweleza kwamba ndani ya hifadhi haichimbwi. Bibi akamwambia, "Sichimbi, mjukuu wangu. Namsalimia tu." Akalishika jani kwa muda, akaliachia.

Tulitoka saa nne na nusu, kabla jua halijawa kali, tukala nje ya msitu: ming'oko ya kuchemsha ya sokoni yenye chumvi na pilipili, maandazi na korosho. Taka zote tulirudi nazo.

Mkipanga yenu, vaeni mikono mirefu na suruali mliyoichomeka ndani ya soksi, kwa ajili ya kupe, siafu na huo upupu, ambao wakati wa kiangazi manyoya yake hupeperuka hata bila kuguswa. Raba zinatosha. Bibi nilimnunulia za kamba siku mbili kabla, na ningefanya mapema zaidi ili zimzoee, maana zilimchubua kisigino. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri, mvua ikianza barabara ya udongo inateleza. Bei ya mwongozaji kubalianeni kabla ya kuanza kutembea. Mimi nilimwongezea mwishoni kwa hiari yangu.

Kwa mwongozaji natoa nyota tano, kwa safari nzima nne, kwa sababu ya vumbi la kupanda na kushuka. Bibi ameshauliza tunarudi lini, na nimemwambia Septemba, kabla korosho hazijaanza kuanguka na shangazi hajashikika shambani.