Fundi wa Majengo aliyetoa tangi la vepu bila kuvunja kioo

Kama una vepu, yaani sigara ya kielektroniki, na tangi lake la kimiminika limegoma kufunguka, nenda kwa fundi simu mmoja aliye jirani na soko la Majengo, hapa hapa Dodoma mjini, kwenye ule msururu wa wanaobadilisha vioo vya simu. Hana bango la vepu. Ana meza, taa, mita na utulivu wa ajabu. Naandika kwa kirefu kwa sababu vifaa vingi vinafia mikononi mwa watu wenye nguvu nyingi na subira ndogo.

Mimi ni dereva wa mizigo, Dodoma hadi Singida kupitia Manyoni. Vepu yangu ni ya betri moja ya kuchomoa, ile ya saizi ya 18650, na tangi linafungwa juu kwa kuzungusha. Mchana kutwa iko kwenye dashibodi. Jua la huku mwezi wa Oktoba mnalijua. Kimiminika chake kina gliserini, ambayo ikiwa baridi ni nzito, ila ikipata joto inakuwa nyepesi na kujipenyeza mpaka kwenye meno ya chini, yale ya skrubu yanayoshika tangi kwenye kifaa. Changanya na vumbi la kupakia mpunga Bahi, likikauka humo ndani ni gundi kabisa. Nikizungusha, kinachofunguka ni sehemu ya juu yenye kioo, kitako kinabaki kimeng'ang'ania kwenye kifaa.

Fundi wa kwanza niliyemwendea, sehemu nyingine ya mji, alishika plaizi kabla hata hajauliza betri iko wapi. Nikachukua changu nikaondoka.

Huyu wa Majengo swali lake la kwanza lilikuwa, "Kaka, betri inatoka?" Akaitoa mwenyewe, akaikagua ganda lake la nje kama halijachanika, akaiweka mbali na vyuma vya mezani. Akavaa glavu, akamwaga kimiminika kilichobaki. Nilipomuuliza glavu za nini, akaniambia nikotini inapita kwenye ngozi, na mtoto wake huja kibandani akitoka shule, hataki ibaki hata tone mezani. Hapo nikajua nimefika kwa mtu anayejua anachokishika.

Kisha akanieleza tatizo lenyewe. Meno haya yanaitwa 510, jina lililotokana na kifaa cha zamani cha Joye 510, na vifaa vingi vya aina hii vinayatumia hadi leo. Upana wake ni milimita 7, na ukizungusha duara zima tangi linasogea nusu milimita tu. Ni meno membamba mno, kwa hiyo uchafu kidogo unatosha kuyakamata, na ukilazimisha yanasagika.

Alichovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, akapitisha taratibu kwenye ule mstari ambapo kitako kinakutana na kifaa, huku amekiinamisha tangi likiwa chini ili spiriti isitiririkie kwenye umeme. Akaacha ikae, akamhudumia mteja mwingine. Baadaye akamtuma kijana barafu kwa muuza maji wa jirani. Mimi nilitegemea atatumia hitigani, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, ipo pale pale mezani. Akasema, "Tangi ndilo limeingia ndani ya kifaa. Nikilipasha moto litatanuka na kubana zaidi. Likipoa, linanywea." Akafunga barafu kwenye nailoni, akaifuta maji yote kwa nje, akaishikiza kwenye tangi peke yake.

Halafu ikaja zana niliyoipenda kuliko zote: kipande cha tyubu ya baiskeli. Akakizungushia kwenye ile pete nyembamba ya kitako, chini kabisa, vidole vyake havikugusa kioo hata kidogo. Akabana, akazungusha kushoto pole pole, bila kushtua. Ikalia "tik" ndogo na kuachia. Kioo kizima, rangi haina mchubuko.

Hakunikabidhi hapo hapo. Alisugua meno kwa mswaki na spiriti, akakausha, akatazama ile pini ya katikati kama haijadidimia, maana ikididimia kifaa hakisomi koili, ule waya unaopasha kimiminika, au kinapiga shoti. Akapima koili kwa mita, akarudisha tangi kwa vidole viwili na kuacha lilipogusa tu. Ameniambia nilifungue kila ninapobadilisha kimiminika na kufuta meno kwa kitambaa kikavu. Nimekuwa nikifanya hivyo, na safari ya Singida iliyofuata lilifunguka kwa mkono mtupu.

Bei ni shilingi 5,000. Kwangu ni haki kabisa ukilinganisha na kununua tangi jipya, ambalo hapa Dodoma huwezi kulipata duka lolote unaloingia.

Kasoro zipo. Hakuna pa kukaa, unasimama juani, na mchana foleni ya simu ni ndefu, kwa hiyo wahi asubuhi. Risiti hatoi. Pia hana zile raba nyembamba za duara zinazozuia tangi kuvuja; yangu moja imechoka na imebidi niagize Dar. Kama unazo za akiba nyumbani, nenda nazo, atakufungia bila kukudai nyongeza.