Nyanya yangu kulazwa Kisumu: dawa sawa, lugha ya manesi hapana

Hospitali sitaitaja. Wodi ilikuwa safi, dawa zilikuja kwa wakati, SHA, ile bima ya afya ya serikali, haikutusumbua sana. Kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda vya mgongo tulijifanyia wenyewe, hiyo nimewasamehe.

Shida ni vile manesi wengine wanaongea na wazee. Sista anasimama kando ya kitanda, nyanya yuko hapo macho wazi, halafu ananiuliza mimi "amekula? ameenda choo?" Huyu ni mwalimu mstaafu, presha yake anaijua kwa kichwa na dawa zake zote kwa majina. Na wakimuuliza mwenyewe basi ni kwa kelele mpaka wodi nzima inageuka, ati hasikii, na masikio yake ni mazima kunishinda.

Kilichoniudhi kabisa ni siku alianza kuchanganyikiwa, anamuita babu na babu alishafariki kitambo, anang'oa dripu, hanijui. Shifti ya mchana wakaniambia "ni uzee tu", wakaanza kuongea mambo ya kumfunga mikono. Nikawauliza uzee gani huo unaingia kwa usiku mmoja, juzi si alikuwa ananituma gazeti? Hakuna aliyenijibu.

Usiku akaingia sista mwingine, mama wa makamo hivi. Akavuta kiti, akamshika mkono, akamsalimia kwa Kijaluo, "Amosi, dani" (nakusalimu, nyanya), ndio sasa akaniuliza ilianza lini, anakunywa maji, mkojo ukoje. Akamuita daktari, mkojo ukapimwa, kumbe ni infeksheni. Akanieleza kwamba mzee anaweza kuwa na infeksheni na mwili usipate joto hata kidogo, kuchanganyikiwa ghafla ndio dalili unayoiona. Wakamuanzishia antibayotiki na baada ya siku chache nyanya akawa anauliza miwani yake iko wapi na nani amekula ndizi zake.

Najua manesi ni wachache na wamechoka, msinirukie. Lakini huyo wa usiku alikuwa na wodi nzima peke yake, wa mchana walikuwa kadhaa.

Ukimpeleka mzee wako waambie mapema nyumbani anakuwaje, kama anatembea, kama anapika, kama anasoma, ili akibadilika wasikuambie alikuja hivyo. Miwani usiiache nyumbani.

Nawapa nyota tatu, na mbili hapo ni za yule sista wa usiku.