Mwalimu wa mbwa kaja Mwera: vipindi vinane na upawa mmoja

Wiki hii watu watatu wameniuliza kama yule kijana anayefundisha mbwa anafaa, nikaona bora niandike mara moja. Anafaa, ila mbwa wako usimlaze kwake. Anayetaka kujua kwa nini na aendelee kusoma.

Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa, wanne, huku Mwera, Unguja. Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, waliniibia ndama usiku. Mlinzi niliyemweka alikuwa na usingizi kuliko ng'ombe wenyewe. Nikasema basi, nitafuga mbwa. Nyumbani neno hilo lilikuwa zito. Mama watoto aliniambia, "Siku mbwa akiingia ukumbini, mimi natoka." Namjua, katika mambo kama hayo hana mzaha. Kwa mafundisho ya Kishafi tuliyolelewa nayo, mbwa wa kulinda mifugo ana ruhusa yake, sawa na wa shamba na wa kusaka, na wasasi wa Unguja wamefuga mbwa wa kusakia nguruwe mwitu tangu zama za mababu. Lakini mate yake ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo banda likajengwa nyuma ya zizi, mgongo umeelekea kusi, na mbwa hana njia ya kufika mlangoni.

Mbwa mwenyewe nilipewa na mtu aliyekuwa anahama Jambiani. Alikuwa na miezi saba, mweupe mwenye madoa meusi, watoto wakamwita Ngawa. Sura nzuri, akili hamna. Anavuta kamba mpaka anakohoa, anakimbiza kuku, na kibaya zaidi anapenda watu. Kila apitaye anamrukia kwa furaha. Sasa njia inayopita ubavuni mwa zizi ndiyo njia ya msikitini. Mtu ametia udhu kwake, kavaa kanzu safi, anawahi Magharibi, halafu mbwa anamwekea miguu miwili ya tope kifuani na ulimi mkononi. Hilo lilitokea mara mbili. Ya pili ilimkuta mzee aliyenisomesha juzuu nilipokuwa mdogo. Hakunigombeza. Alirudi kwake kujitwaharisha na kubadili nguo, sala ya jamaa ikampita. Bora angenigombeza.

Nikapata namba ya mwalimu kwa mtunza bustani wa hoteli moja. Ada yake shilingi 25,000 kwa kipindi, vipindi 8, nusu unatoa kwanza. Kipindi ni saa nzima, mara mbili kwa wiki, ama saa 12 asubuhi ama saa 11 jioni. Mchana hafundishi hata umbembeleze. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, hujipoza kwa kuhema, na akikimbizwa kwenye jua la saa saba anaweza kufa.

Kipindi cha kwanza mbwa hakumgusa. Alikaa juu ya ndoo ya maziwa akanitazama mimi kama nusu saa hivi, kisha akauliza:

"Ami, ukimwita anakuja?"

"Akitaka."

"Na akija unamfanya nini?"

"Namfunga."

"Basi ndiyo maana haji."

Niliona haya kidogo, maana kijana ni rika la mwanangu wa kwanza. Mimi nilitegemea fimbo. Ukitaja mbwa aliyefunzwa, kichwani mwangu anakuja yule wa Kikosi cha Mbwa na Farasi, anayefokewa na kutii. Huyu alitoa mfukoni kidude cha plastiki kinacholia "tak". Mbwa akifanya jambo unalolitaka, unabofya sekunde ile ile, halafu unampa chakula. Tak, chakula. Ukichelewa kubofya, umemsifu kwa jambo jingine. Akaniambia ndivyo wanavyofundishwa panya buku wa shirika la APOPO kule Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wale wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu: wanasikia mlio, wanapewa ndizi. "Kama panya anajifunza bomu kwa ndizi, ami, huyu atashindwa kuchuchumaa?"

Hapo kwenye chakula ndipo tulipokwama. Alikuja na soseji. Nikamuuliza ya nyama gani, akasoma paketi, akairudisha mkobani bila neno. Tukaamua dagaa wakavu wasio na chumvi, unawakata vipande viwili. Sasa dagaa unampa kwa mkono, na mkono unarambwa. Kavu kwa kavu haina najisi, tumesoma hivyo, lakini ulimi wa mbwa si mkavu. Vipande arubaini kwa kipindi, maana yake nishinde bombani na udongo. Mwalimu alidhani natoa visingizio. Mama watoto ndiye aliyetatua, tena kwa mbali, kupitia dirishani: akamtuma mtoto na upawa uliopasuka ukingo, akasema huo usirudi jikoni. Mpini mrefu, kifuu kinabeba kipande kimoja sawasawa. Mkono wa kushoto unabofya, wa kulia unapeleka upawa. Mwalimu alicheka, ila kipindi cha tatu alikuja na upawa wake mwenyewe. Naambiwa sasa anautumia kwa wateja wote wa mashamba. Sijapata punguzo.

Jambo la pili ni maneno. Yeye huwafundisha mbwa wa mahotelini kwa Kiingereza, mimi nikataka Kiswahili ili hata watoto waweze. Tukaanza na "kaa". Siku mbili tu Ngawa alikuwa anakaa vizuri ajabu. Kisha akaja mgeni kununua maziwa, nikamwambia, "Karibu, kaa kitako," na mbwa kule kwenye kamba akakaa, akaangalia mfuko wa dagaa. Nyumba ya Kizanzibari neno hilo linatajwa mara ngapi kwa siku? Tukabadili ikawa "chuchumaa". Hakuna mgeni anayeambiwa achuchumae.

Lakini pesa yangu ilirudi kwenye neno moja, nalo ni "kando". Vipindi vinne katika vinane tulivimalizia hapo. Tulitandika gunia chini ya mpapai, hatua sita kutoka njiani. Kwanza Ngawa alijifunza kwamba akikanyaga gunia dagaa wanakuja. Kisha akajifunza kubaki juu yake. Kisha mwanangu akavaa kanzu na kofia, akawa anapita njiani kwa umbali wa hatua ishirini, mbwa amefungwa kamba ndefu, mimi na upawa wangu. Akimtazama mtoto halafu akageuza macho kunitazama mimi, tak. Akinyanyuka, mtoto anasimama, tunaanza upya. Hatua ishirini zikawa kumi na tano, kumi, tano. Siku ya sita mtoto alipita karibu kabisa na gunia akisema "Asalaam alaykum" kwa sauti ya kizee, na yule mbwa alikuwa anatetemeka kuanzia masikio mpaka mkia kwa hamu ya kumrukia, na hakunyanyuka. Nilimmwagia upawa mzima.

Wiki iliyofuata nilimwona yule mwalimu wangu wa juzuu akija, nikasema "kando" nikiwa na wasiwasi. Ngawa akaenda. Mzee akasimama, akamtazama chini ya mpapai.

"Chei chei, babu," nikamsalimu.

"Chei chei. Huyo ndiye yule?"

"Ndiye."

Akaendelea na safari yake. Kwangu mimi hayo yalikuwa maneno mengi.

Kuhusu paka wetu nitapita haraka, maana mwenyewe hakuhitaji kufundishwa. Kamkwaruza Ngawa puani siku ya kwanza na mpaka leo wanaheshimiana. Lakini hapo mwalimu alitoa onyo lililonifaa. Mimi nilikuwa na dawa ya kupe ya ng'ombe nikitaka kuwapigia wote. Akasoma kibandiko, akaona ina permethrin, akanizuia: dawa hiyo kwa paka ni sumu, hata paka akilala pahala palipopuliziwa na bado pana majimaji anaweza kudhurika. Siku ile ile alikagua kadi ya mbwa, akakuta hana chanjo ya kichaa, akasema haendelei mpaka nimpeleke kwa afisa mifugo. Mbwa huchanjwa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Wangu alikuwa wa saba na bado.

Nilinung'unika kidogo, lakini mwezi uliofuata nilikwenda Wete harusini na shemeji yangu akanikumbusha ya kwao. Pemba walikuwa wameshakimaliza kichaa cha mbwa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa kisiwa kizima. Chanjo zikalegea, mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingizwa upya, na haukumalizika mpaka Oktoba 2018, waliporudi kuchanja. Shemeji hana mbwa, ila watoto wake wote wanajua kwamba ukiumwa na mbwa unaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwanza, halafu ndio hospitali.

Na safari hiyo hiyo ya Wete ndiyo iliyonipa malalamiko yangu. Mwalimu ana huduma ya kukulazia mbwa, shilingi 10,000 kwa usiku, nikamwachia Ngawa usiku tano. Niliporudi nilimkuta amekonda, sauti imemkauka kwa kubweka, na ndani ya masikio kupe wamejipanga kama mbegu za papai. Nilihesabu thelathini na moja kisha nikaacha kuhesabu. Mwalimu alisema alikuwa na mbwa wengi wiki ile na kijana wake wa kusaidia aliugua. Sababu naielewa, ila pesa alichukua kamili. Baada ya maneno alinirudishia nusu. Kufundisha anajua, kulaza hajui, na nimemwambia hivyo usoni. Jingine dogo: siku za mvua huchelewa na simu hapokei.

Kuna jambo lililonifanya nimwamini tena. Binamu yangu wa Mji Mkongwe haoni, akaniuliza kama Ngawa mwingine angeweza kufunzwa kumwongoza. Nilimpigia mwalimu nikijua atafurahia kazi. Akakataa. Alisema mbwa wa kuongoza asiyeona hulelewa tangu mdogo na watu maalumu, huchukua kama miaka miwili mpaka kukabidhiwa, wengi huachwa njiani kwa kutofaa, na yeye hana ujuzi huo. "Nikichukua pesa ya ndugu yako, ami, nitampeleka chini ya vespa." Wengine wangechukua.

Kwa hiyo kwa mafunzo nampa nyota nne kati ya tano, kwa kulaza moja. Mwenye mtoto wa mbwa asifanye kama mimi: mwalimu anasema kumzoesha watu na vitu ni rahisi zaidi kabla hajapita wiki kumi na nne hivi, baada ya hapo unalipa kwa dagaa. Mimi mpaka sasa nimemaliza kama kilo mbili, na shati la kazini linanuka kiasi kwamba mama watoto hulifua mbali na nguo nyingine.

Ndama wote wapo. Kilichobaki ni kwamba Ngawa amejifunza kanzu, hakujifunza mwavuli. Mvua za juzi mzee alipita amejifunika, na yule mbwa akambwekea kama hajapata kumwona maishani. Mwalimu kasema ndivyo walivyo, kwao mtu mwenye mwavuli ni mtu mpya, itabidi turudi hatua ishirini. Nimeshamlipia vipindi viwili kabla ya masika, na mwanangu anatafuta mwavuli mweusi wa kuazima.