Kioo cha kuzungushia shawa kwa nyumba za Unguja na Pemba: kipi kitangulie, kipi kiachwe

Kioo chenyewe hakiozi. Kinachooza ni vile vinavyokishika: bawaba, magurudumu, reli na skrubu. Kwa nyumba ya Paje, Nungwi au Wete, ambako upepo wa chumvi huingia hadi chumbani, tumepanga aina nne kwa kigezo hiki: chuma kikipungua, kioo hudumu.

1. Kioo kimoja cha kusimama, bila mlango. Nyumba nyingi zichukue hiki. Unene milimita 8, upana sentimita 90 hadi 100, urefu mita 2, na juu fimbo ya kukifunga ukutani kisitikisike. Njia ya kupita isipungue sentimita 60. Hakina kizingiti, kwa hiyo bibi huingia bila kunyanyua mguu, na anayekoga kwa ndoo na kopo hapati taabu. Udhaifu wake ni maji kurukia nje. Shawa ielekee kwenye kioo au ukutani, si njiani, na sakafu iinamie tundu la maji sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Fundi akikosea mwinamo wakati wa kupanga marumaru, hakuna kioo kitakachorekebisha.

2. Mlango wa kuteleza. Unafaa penye kuta pande zote mbili na upana wa sentimita 120 au zaidi. Magurudumu yawe juu. Reli ya chini hukusanya sabuni na mchanga, mlango ukaanza kukwama. Uliza kama magurudumu ya akiba huuzwa peke yake. Kama hayauzwi, usinunue.

3. Mlango wa bawaba. Unapendeza kuliko yote, lakini pima uzito kwanza. Kioo cha milimita 10, chenye sentimita 80 kwa mita 2, kina kilo 40, zote zikining'inia kwenye bawaba mbili. Ukuta wa matofali ya saruji utastahimili, ilimradi skrubu zivuke marumaru na plasta ziingie kwenye tofali lenyewe. Ukuta wa mawe na chokaa wa Mji Mkongwe ni laini: plagi za skrubu hulegea, mlango hushuka, pembe ya kioo ikagonga sakafu. Na kioo cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa joto kiwandani, kikigongwa ukingoni hupasuka chote kwa mara moja. Nyumba hizo zichukue namba 1, kioo kikishikiliwa na sakafu zaidi kuliko ukuta, au pazia. Pazia si aibu.

4. Kibanda cha kona chenye sinia ya plastiki. Rahisi kwa bei, kioo chembamba, magurudumu ya plastiki. Kiache.

Dukani, tafuta muhuri mdogo wa tempa kwenye kona ya kioo. Bila muhuri, ondoka: kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande vinavyochinja, cha tempa hutoa punje ndogo. Kwa chuma, omba stinlesi (chuma cha pua) ya daraja la 316, hasa karibu na bahari. Daraja la 304 hushika madoa ya kutu mapema. Sumaku iking'ang'ania, hicho ni chuma cha kupakwa, kikatae. Lakini isipoganda usitulie bado, kwani hata zinki iliyopakwa kromu haivutwi na sumaku, na ngozi yake ya kromu ndiyo hubambuka.

Usiagize kabla marumaru hazijapangwa. Kioo cha tempa hakikatwi wala hakitobolewi tena, na kosa la sentimita moja ni hasara ya kioo kizima. Pima upana chini, katikati na juu, kisha weka pimamaji ukutani uone kama umesimama wima. Agiza kwa kipimo kidogo kuliko vyote. Kikivushwa kwa boti, kisafiri kwa kusimama, kona zote zimevikwa kadibodi.

Silikoni iwe ya bafuni, isiyoota ukungu, ipakwe upande wa nje tu ili maji yaliyopenya kwenye fremu yarudi ndani. Msikoge kwa saa 24.

Maji yetu ya visima hupita kwenye mawe ya chokaa, yakikauka huacha weupe. Pangusa kioo kwa kipanguso cha mpira kila baada ya kukoga. Weupe ukishagandama, tumia siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika tano, kisha suuza sana, hasa kwenye bawaba na grauti (saruji ya kujazia kati ya marumaru), maana siki hula vyote viwili.